Hesabu ya Vitofali, Majengo

Mimi ndiye ninayehesabu.
Zamani nilihesabu magunia ya korosho ghalani,
daraja la kwanza, daraja la pili, unyevu asilimia ngapi.
Sasa, saa kumi na mbili kasoro robo kila jioni,
nahesabu vitofali vya mti vya kuchezea
kwenye uwanja wa wazi wa Majengo, Mtwara:
mia tatu na kumi na viwili,
kalamu sikioni kama kawaida.

Aliyevitengeneza ni Somoe Likapa, fundi seremala.
Mabaki ya mninga, mkongo, pembe za milango ya watu,
kichwa cha kitanda cha harusi iliyovunjika kabla ya kulipiwa.
Amevipiga randa, amevipiga msasa, amevipaka mafuta ya nazi,
vidogo kama boflo la asubuhi,
vikubwa vya kubebwa na watoto wawili wanaopatana.
Hakuna msumari. Hakuna gundi.
"Ukitia gundi," alisema, "umeshamaliza mchezo."

Niliuliza halmashauri: niandike safu gani?
Samani? Vifaa? Jengo?
Jengo gani leo ni chumba, kesho ni daraja,
keshokutwa ni basi la Masasi
lenye kondakta mkali wa miaka sita?
Afisa akacheka, kisha akakasirika kwamba amecheka.
Tukaandika: Mengineyo.

Mji huu ulichorwa mpana, mnajua.
Wazungu wa karanga walipima barabara za kutosha jiji zima;
karanga zikagoma, jiji halikuja,
zikabaki barabara, na mbuzi wanaovuka bila haraka.
Babu zetu wakakaa kando ya ramani
kama waalikwa waliowahi harusini
na bwana harusi hajatokea.

Sasa Sikudhani, binti wa muuza maandazi,
amepiga magoti anajenga hilo jiji.
Ana mnara. Ana soko lenye kivuli.
Ana mtaa wenye kona, maana, anasema,
"mtaa ukinyooka sana mtu hakutani na mtu."
Sijui kafundishwa na nani.

Juzi Bushiri alikuja na chaki nyekundu,
akapiga X kwenye ukuta wa mwenzake
kama walivyopigiwa kwao barabara ilipotanuliwa.
Watoto wakanyamaza. Mimi nikashika daftari.
Sikudhani akakichukua kile kipande,
akakigeuza,
X ikatazama chini, mchangani,
mnara ukaendelea.

Wahenga walitutisha: usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Hawa wanautafuta ufa.
Ukuta ukianguka, ko-ko-ko-kong',
wanashangilia,
na lazima mmoja aseme: tena.

Turudi kwenye hesabu.
Jumatatu, pungufu vitatu:
kimoja chini ya mguu wa meza ya mama Asumini, uji haumwagiki tena;
kimoja kinauzuia mlango wa zahanati usibamizwe na upepo;
kimoja kimekaliwa na mama anayesubiri majibu ya damu.
Sikuvirudisha. Niliandika: vipo kazini.
Jumatano viwili. Ijumaa saba.
Ghalani ningeshafukuzwa.

Jana nilihesabu mara tatu, jasho likanitoka.
Pamoja na vilivyo kazini:
mia tatu na kumi na vitatu.

Nikakitafuta kilichozidi mpaka giza likaingia.
Mti wa mkorosho, umekatwa kwa panga,
haujaona randa, ganda limeng'ang'ania upande mmoja,
na upande wa pili alama za vidole,
nyekundu, za chaki.

Hakilingani na chochote.
Nilikiweka juu. Hapana, chini; juu kinayumba.
Daftari halina safu ya kitu kinachozidi.
Nimeichora mwenyewe, bila rula.
Imepinda kidogo,
kama kona ya mtaa.